Siku Tano Nyuma ya Vizuizi: Dublin na Cork, Mei 2011

Jumatatu, 16 Mei

Niliondoka Birmingham alfajiri kwa treni ya kuelekea Holyhead, bandari iliyoko kaskazini-magharibi mwa Wales, na saa nane mchana nilikuwa ndani ya meli inayovuka Bahari ya Ireland. Kazini niliomba likizo ya majuma mawili nikapewa siku chache tu, nikaona zatosha, kwa kuwa ziara niliyotaka kuishuhudia ilikuwa ya siku nne. Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anakwenda Jamhuri ya Ireland, nchi ambayo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeikanyaga tangu babu yake, George wa Tano, alipozuru Dublin Julai 1911, wakati kisiwa chote kilikuwa bado chini ya taji la Uingereza. Kati ya ziara hizo mbili ilipita karibu miaka 100, na ndani yake vita vya uhuru, mgawanyo wa kisiwa, na miongo mitatu ya umwagaji damu katika Ireland Kaskazini ambayo kwa sehemu kubwa ilikoma baada ya Mapatano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini Mkenya. Mimi ni mtu wa Nyeri. Kwetu ndiko Elizabeth alikopatia umalkia, Februari 1952, alipokuwa mgeni katika hoteli iliyojengwa juu ya mti na baba yake akafariki Sandringham, Uingereza. Mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, na baadaye bibi yangu, pamoja na jirani zake, akahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa. Mwezi uliopita tu wazee wetu wa Mau Mau walikuwa mbele ya Mahakama Kuu ya London wakidai haki yao. Kwa hiyo nilipanda meli nikiwa na sikio linalosubiri neno moja, nalo ni samahani.

Melini nilikaa na mama mzee wa Kiairishi aliyehamia Birmingham akiwa msichana. Alinieleza kwamba baada ya mabomu ya Novemba 1974, yaliyoua watu 21 katika baa za mji huo, alikuwa akiingia dukani kununua mkate na kuuonyesha kwa kidole tu, bila kufungua kinywa, ili muuzaji asiisikie lafudhi yake. Aliishi hivyo kwa miezi mingi. Nilimwuliza kama anakwenda kumlaki Malkia au kumpinga, akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto, akasema anakwenda kwa dada yake, na kama Malkia atakuwa huko, basi watakuwa wote wawili.

Mwenyeji wangu ni dada mmoja wa Tanga, muuguzi, anayeishi Phibsborough, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya Dublin. Alinipokea kwa chai ya tangawizi na onyo. Barabara zimefungwa, mifuniko ya mitaro imekaguliwa na kupigwa muhuri, na polisi, ambao huku huitwa Garda, wamejaa kila kona. "Kaka, hapa hata paka hapiti bila kitambulisho," alisema. Usiku tulisikia kwamba bomu la kutengenezwa kwa mkono limekutwa ndani ya basi huko Maynooth, nje kidogo ya jiji, na wanajeshi wamelitegua.

Jumanne, 17 Mei

Ndege ya Malkia ilitua kama saa sita mchana katika uwanja wa kijeshi wa Baldonnel, naye akashuka akiwa amevaa koti na kofia ya kijani, rangi ya Ireland. Sebuleni kwa mwenyeji wangu palikuwa na wauguzi wenzake wawili waliotoka zamu ya usiku, nao walicheka kwa sauti walipoiona ile rangi, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

Mimi nilikuwa nikiwazia jina la uwanja. Unaitwa Casement, kwa kumbukumbu ya Roger Casement, ambaye wasomaji wa Kongo wanapaswa kumjua: ndiye konseli wa Uingereza ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya wakusanya mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold. George wa Tano alimtunuku cheo cha heshima mwaka 1911, mwaka uleule wa ziara ya Dublin, na miaka mitano baadaye serikali ya mfalme huyohuyo ikamvua cheo na kumnyonga London kwa kosa la uhaini, kwa kuwa alikuwa ametafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uasi wa Waairishi. Mjukuu wa mfalme alitua katika uwanja wenye jina hilo. Hakuna mtangazaji aliyelikwepa jambo hilo, na sidhani kama upande wowote ulitaka likwepwe.

Kutoka hapo alipelekwa kwa Rais Mary McAleese, ambaye ndiye aliyemwalika, katika ikulu iliyomo ndani ya Phoenix Park. Jumba hilo lilikuwa makazi ya wawakilishi wa taji enzi za ukoloni. Alipanda mti wa mwaloni, akatia saini kitabu cha wageni, na msafara ukaelekea mjini.

Mchana nilijaribu kufika kwa miguu Parnell Square, iliko Bustani ya Ukumbusho aliyokuwa akienda Malkia. Sikufika. Kila mtaa ulikuwa na vizuizi vya chuma, na nyuma ya vizuizi walisimama polisi wenye makoti ya manjano wakiwa na adabu nyingi na jibu moja. Magazeti yalisema askari wapatao 8,500, polisi na wanajeshi pamoja, walikuwa kazini, na gharama ikakadiriwa kuwa karibu euro milioni 30. Miezi sita tu iliyopita nchi hii ilikubali mpango wa uokozi wa euro bilioni 85 ulioongozwa na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Uingereza yenyewe ikachangia mkopo wa pauni zaidi ya bilioni 3. Muuza magazeti mmoja, ambaye siku hiyo hakuwa na mteja hata mmoja isipokuwa mimi, alisema bibi huyu hakuja kwa ajili ya historia. Amekuja kulitazama deni lake.

Katika Dorset Street, si mbali na nyumba niliyofikia, niliwakuta waandamanaji mia chache. Walipiga kelele, baadhi yao wakawatupia polisi chupa na fataki, na kwingine maputo meusi yaliachiliwa angani. Nilisimama mbali kidogo, karibu na mwanamke aliyeshika bango lakini hakupaza sauti. Ilikuwa kumbukumbu ya miaka 37 ya mabomu ya Dublin na Monaghan ya tarehe 17 Mei 1974, yaliyoua watu 33 katika siku moja, na familia za waliouawa zinataka serikali ya Uingereza itoe nyaraka zake. Kuwaweka watu hawa katika kapu moja na vijana wanaorusha chupa ni kuwadhulumu, ingawa kamera nyingi zilifanya hivyo kwa sababu chupa hupigika picha vizuri kuliko bango.

Nilirudi nyumbani mbio ili niwahi televisheni. Mlangoni nilimkuta jirani, mzee wa zaidi ya miaka 70, ambaye asubuhi alikuwa ameapa mbele ya mwenyeji wangu kwamba hatalitazama jambo hilo hata kidogo. Alikuwa amesimama kizingitini na koti lake mwilini kana kwamba yuko njiani kwenda mahali fulani, akitazama kwa pembe ya jicho. Dada wa Tanga alimwambia aingie aketi. Akasema yuko sawa hapohapo.

Bustani ya Ukumbusho ilifunguliwa mwaka 1966 kwa heshima ya wote waliokufa wakiupigania uhuru wa Ireland, yaani waliokufa wakipigana na ufalme wa Malkia. Helikopta ilikuwa juu ya paa letu. Tuliisikia dirishani kwanza, kisha, baada ya nukta chache, tukaisikia tena kutoka kwenye televisheni. Bendi ya jeshi la Ireland ilipiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Malkia aliweka shada la maua, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa. Si kwa kuchutama wala kwa ishara kubwa. Aliinamisha tu, akakaa hivyo. Wauguzi, waliokuwa wakizungumza tangu adhuhuri, walinyamaza, na nilipogeuka mlangoni nikaona mzee amevua kofia yake. Alipoona nimemwona aliivaa tena, akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 18 Mei

Asubuhi Malkia na mumewe walitembelea kiwanda cha Guinness, wakamiminiwa bilauri ya bia nyeusi, na wote wawili hawakuinywa, ingawa Mwanamfalme Philip aliitazama kwa namna iliyochekesha taifa zima. Katika mkahawa niliokunywa chai, jambo hili lilijadiliwa kwa uzito kuliko lolote la jana. Wengine waliona ni tusi. Mmoja alisema mtu wa miaka 85 aliyefungua jicho asubuhi hiyo akiwa na ratiba kama ile ana haki ya kukataa bia.

Kisha alikwenda Islandbridge, kwenye bustani ya kuwakumbuka Waairishi 49,400 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza wakiwa ndani ya sare ya jeshi la Uingereza. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu havikunifundisha. Jirani yetu alibisha hodi mchana huo akiwa na mkebe wa zamani wa biskuti. Ndani mlikuwa na medali iliyofungwa kwa kitambaa, ya mjomba wa mama yake aliyeuawa Ufaransa mwaka 1916. Mama yake aliuficha mkebe juu ya kabati maisha yake yote, kwa sababu katika nchi huru haikuwa fahari kusema ndugu yako alikufa akimtumikia mfalme wa Uingereza, na hasa kwa kuwa kaka wa baba yake alikuwa amepigana na jeshi hilohilo miaka michache baadaye. Kwa hiyo, alisema, jana aliwekewa shada ndugu mmoja na leo anawekewa mwingine, na katika familia yao hakuna aliyewahi kuwataja hao wawili kwenye meza moja. Kwetu Nyeri wako watu wa aina hiyo: nyumba iliyotoa mtu msituni na mtu kwenye kikosi cha serikali. Sikumwambia. Ilikuwa zamu yake.

Alasiri ilikuwa ya Croke Park, uwanja mkuu wa chama cha michezo ya asili ya Ireland. Tarehe 21 Novemba 1920, asubuhi, wapiganaji wa Michael Collins, mmoja wa viongozi wa vita vya uhuru, waliwaua maofisa na majasusi wa Uingereza jijini Dublin. Mchana wa siku hiyo askari wa Uingereza waliingia Croke Park wakati wa mechi wakafyatulia risasi umati, wakaua watu 14, mmoja wao mchezaji Michael Hogan, ambaye jukwaa moja la uwanja limepewa jina lake. Hadi mwaka 2001 kanuni za chama hicho zilimkataza askari wa vyombo vya usalama vya Uingereza kuwa mwanachama. Sasa rais wa chama, Christy Cooney, alikuwa akimwonyesha Malkia nyasi zilezile. Viti zaidi ya 80,000 vilikuwa vitupu nyuma yao, na kwa maoni yangu utupu ule ulisema mambo mawili kwa pamoja: heshima kwa waliokufa, na hofu ya serikali kwa walio hai.

Usiku ulikuwa wa dhifa ya kitaifa katika Dublin Castle, ngome ambayo Uingereza iliitawalia Ireland hadi ilipomkabidhi Collins Januari 1922. Mimi na dada wa Tanga tuliitazama hotuba katika baa moja ya Phibsborough, yeye akiwa na soda ya machungwa. Palikuwa na makelele ya kawaida, na mwenye baa alikuwa amepunguza sauti ya televisheni. Malkia alisimama, akaanza: "A Uachtaráin agus a chairde." Ni Kiairishi: Rais, na marafiki. Maneno matano tu. Rais McAleese, mzaliwa wa Belfast ambaye familia yake ilifukuzwa nyumbani kwao wakati wa machafuko, alionekana akigeukia upande akitamka neno la mshangao mara tatu. Ndani ya baa mtu alisema kwa ukali, "Ongeza sauti," na ikaongezwa, na kijana aliyekuwa akicheza mishale ukutani alibaki ameishika mkononi.

Wengi wa waliokuwamo, alininong'oneza mwenyeji wangu, hawawezi kuzungumza lugha hiyo. Waliisoma shuleni kwa shida, kama mtoto asomavyo dua asiyoijua maana. Labda ndiyo sababu iliwachoma. Utawala uliotoka katika ngome ile ndio ulioifanya lugha hiyo kuwa ya aibu, na sasa mkuu wa taji aliitanguliza mbele ya Kiingereza chake mwenyewe.

Kisha likaja lile nililolingojea, nalo halikuja kama nilivyolingojea. Alisema kwamba tukiitazama historia kwa nyuma, sote tunaona mambo ambayo tungetamani yangefanywa kwa namna nyingine, au yasingefanywa kabisa. Akawapa pole wote walioteseka kutokana na yaliyopita. Pole, si samahani. Nilihisi kama mtu aliyesimama stendi akaliona basi lake linapunguza mwendo, kisha linapita. Watu wa baa hawakuhisi hivyo. Mwanamume aliye karibu nami, aliyetumia jioni nzima kuilalamikia gharama, alipiga makofi mawili, akajishtukia, akaacha. Nilimwuliza kama hajaona kwamba hakuomba radhi. Akajibu kwamba wao hawakumwita aje kuomba radhi. Walitaka aje, aone, na aondoke akijua kwamba ameona.

Tulirudi kwa miguu tukibishana. Dada wa Tanga alikuwa upande wa yule mwanamume. "Mtu mzima akija msibani hata kama alikosana na marehemu, unampa kiti, humwulizi maneno," alisema. Nilimjibu kwamba inategemea nani alimwua marehemu.

Alhamisi, 19 Mei

Ilikuwa siku ya farasi, kwa kuwa Malkia aliwapenda kuliko hotuba na Kildare ina mashamba ya farasi bora duniani. Taarifa ya asubuhi iliyowagusa watu zaidi ilikuwa kifo cha Garret FitzGerald, waziri mkuu wa zamani aliyetia saini na Margaret Thatcher makubaliano ya mwaka 1985, ambayo kwa mara ya kwanza yaliipa Dublin sauti katika mambo ya Ireland Kaskazini. Afe juma hilihili, mkahawani watu walisema, baada ya kuiona ile hotuba. Jioni palikuwa na tamasha la muziki katika jumba la mikutano kando ya mto Liffey, na ukumbi ukasimama na kupiga makofi kwa dakika kadhaa. Walikuwa wageni waalikwa. Wasingeweza kufanya vinginevyo, nami sikuliandika jambo hilo katika hesabu ya maoni ya umma.

Nilichokiandika ni malalamiko ya mtaani: karibu kila niliyezungumza naye Dublin alisema hakumwona. Waliomchukia hawakumwona, na waliotaka kumpungia mkono hawakumwona.

Ijumaa, 20 Mei

Cork ilikuwa kinyume chake. Nilipanda treni ya asubuhi katika stesheni ya Heuston, iliyopewa jina la kijana aliyepigwa risasi na Waingereza mwaka 1916, nikashuka katika stesheni ya Kent, iliyopewa jina la mwingine aliyepigwa risasi mwaka huohuo, na katikati nilikula mkate wa mayai. Cork hujiita kaunti ya waasi, na si kwa majivuno matupu: mwaka 1920 meya wao mmoja aliuawa nyumbani kwake, aliyemrithi akafa gerezani London baada ya kugoma kula siku 74, na Desemba vikosi vya Uingereza vikautia moto katikati ya mji. Nilitarajia nyuso zilizokunjwa.

Malkia alipitia kwanza Cashel, ambako meya Michael Browne, wa Sinn Féin, chama cha wanaotaka kisiwa chote kiwe nchi moja na kilichosema ziara hii imekuja mapema mno, alimpa mkono. Habari hiyo ilitufikia kwa simu za watu tukiwa tumesongamana barabarani katika Grand Parade, maelfu kwa maelfu, watoto wa shule wakiwa mbele. Mwanamume mmoja alisema meya huyo atakiona cha moto chamani mwake. Mkewe akasema ni mtu wa heshima, amempa mkono mgeni.

Ndani ya soko la English Market, lililoanza mwaka 1788, muuza samaki Pat O'Connell alimchekesha Malkia mpaka picha ya kicheko chake ikaenea kila mahali; inasemekana alimwonyesha samaki wa sura mbaya, mdomo mpana na meno nje, akamwambia huyu wao humwita samaki wa mama mkwe. Sisi wa nje hatukujua hayo wakati ule. Tulijua tu kwamba lango limefunguka, na kwamba badala ya kuingia garini amevuka barabara kuja upande wa watu, jambo lililowafanya walinzi wakimbie huku wakijifanya hawakimbii. Umati ulisukumana. Nilichokiona mimi, katikati ya mabega mawili, ni ukingo wa kofia na mkono wenye glavu ukipokea ua kutoka kwa mtoto. Haikufika nusu dakika. Kelele zilizopigwa hazikuwa za kumshangilia mfalme; zilikuwa kelele za watu waliofungiwa nje siku tatu, na mlango ukafunguliwa.

Baada ya msafara kuelekea uwanja wa ndege niliingia sokoni. Wauzaji walikuwa wakirusha barafu mpya juu ya meza na kuuza kama kawaida. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa akibishana bei ya makrili, na muuzaji akamwambia bei ni ileile aliyopewa Malkia. Mama akajibu kwamba Malkia hakununua.

Nilifika Dublin saa nne usiku. Karibu na stesheni wafanyakazi walikuwa wakipakia vizuizi vya chuma kwenye lori, na nilipomwuliza mmoja wao kama hatimaye wanakwenda kupumzika, alicheka, akasema vinahamishwa tu. Nyumbani nilimkuta mzee jirani jikoni, amekaa kitini safari hii, anakunywa chai ya tangawizi na kuikunjia uso. Aliuliza kama nimemwona. Nikasema nimeona kofia. Akaitikia kwa kichwa, akasema yeye angetaka neno zaidi ya yale yaliyosemwa Jumatano, na kwamba hata hivyo ameutoa mkebe wa biskuti juu ya kabati na hajaurudisha.

Dada wa Tanga alikuwa akiitazama tiketi yangu ya meli ya kesho asubuhi. "Kaka, unaondoka na vizuizi bado viko njiani?" alisema. "Jumatatu anakuja Obama. Huyo si wa kwenu?"